Ndoa ikivunjika, mbuzi na mbwa ni wa nani, na nani atalipa dawa yao?



Leo tunaeleza jambo ambalo halihubiriwi mara nyingi mimbarani, lakini linafika mara kwa mara mbele ya wazee wa kanisa, mbele ya kapita na mbele ya wakuu wa jamaa. Ndoa ikivunjika, watu hufikiri kwanza juu ya watoto, nyumba, shamba na vyombo. Kisha wanabaki mbuzi watano, kuku kumi na mbwa mmoja. Bwana anasema ni wake, kwa sababu yeye ndiye kichwa cha nyumba. Bibi anasema ni wake, kwa sababu yeye ndiye aliyewakatia majani kila siku. Wajomba nao wanakuja na kusema ni mbuzi wa mahari. Wakati watu wazima wanashindana, hakuna anayenunua dawa, na mnyama anakufa mbele ya macho yao wote.

Kabla ya yote tuseme wazi: hatuandiki haya ili talaka ionekane jambo jepesi. Maneno ya Bwana Yesu katika Mathayo 19 na maneno ya nabii Malaki katika sura ya 2 yanabaki yalivyo, na kazi yetu ya kwanza ni kupatanisha. Lakini mchungaji anayepatanisha anajua kwamba ziko nyumba zilizokwisha kuvunjika. Ndani ya nyumba hizo haki inatakiwa vilevile, na mnyonge hapaswi kunyang'anywa kwa sababu tu hakuna aliyetaka kusikiliza.

Kwa nini jambo hili si dogo

Mtu wa mji mkubwa anaweza kucheka akisikia kwamba wazee wamekaa siku nzima kwa ajili ya mbuzi. Lakini kwetu Kasongo na Kabambare, mbuzi ni akiba. Mtoto akifukuzwa shuleni kwa sababu ya malipo, mbuzi anauzwa. Mama akipelekwa hospitali usiku, asubuhi mbuzi anauzwa. Kuku ndiye chumvi, sabuni na daftari. Mwanamke anayetoka katika ndoa bila hata mnyama mmoja anatoka bila akiba yoyote, na watoto wanaomfuata wanatoka hivyo hivyo.

Tena, kwetu biashara ya wanawake ni ya zamani. David Livingstone alipofika Nyangwe mwaka 1871, alikuta soko kubwa lililojaa wanawake waliovuka mto na mitumbwi wakileta vyakula vyao. Hapo hapo sokoni, tarehe 15 Julai 1871, watu wengi waliuawa kwa bunduki za wafanyabiashara ya watumwa, na walio wengi kati yao walikuwa wanawake. Tunalitaja kwa sababu moja: hakuna mtu wa Nyangwe anayeweza kusema kwamba mali ya mwanamke ni jambo lililoletwa jana na wageni. Mama zetu walikuwa na mali zao sokoni kabla babu zetu hawajasikia habari za mahakama.

Na mbwa je? Kwa wengine mbwa ni mlinzi wa nyumba. Kwa wawindaji ni mwenzi wa kazi, anayefungwa kengele shingoni ili asikike msituni. Kwa mtoto ni rafiki. Nabii Nathani alipotaka kumwonyesha Daudi dhambi yake, katika 2 Samweli 12, alimsimulia habari za maskini aliyekuwa na mwana-kondoo mmoja tu. Mnyama yule alikua pamoja na watoto wa nyumba, akala katika chakula cha bwana wake, akalala kifuani pake kama binti. Tajiri alipomchukua, Daudi aliwaka hasira, na Nathani akamwonyesha kwamba hukumu ile ilimhusu yeye mwenyewe. Basi Biblia inajua kwamba mnyama anaweza kupendwa, na kwamba kumnyang'anya mnyonge mnyama wake ni uovu unaofika mbele ya Mungu.

Sheria ya nchi inasema nini

Nchi yetu ina Sheria ya Familia namba 87-010 ya tarehe 1 Agosti 1987. Ilirekebishwa na sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016. Kwa jambo letu, mambo manne yanatosha.

La kwanza: talaka inatolewa na tribinali. Mume kumwambia mke atoke nyumbani si talaka. Jamaa kukaa kikao na kurudishiana vitu si talaka mbele ya sheria. Anayetaka talaka anapeleka ombi kwenye tribinali ya amani, na kabla ya hukumu hakimu anajaribu kuwapatanisha wawili hao. Wakati kesi inaendelea, hakimu anaweza kuagiza jinsi watu na mali watakavyotunzwa kwa muda. Kwa hiyo mume aliyemfukuza mkewe Jumatatu na kuuza mbuzi wote Jumanne asiseme kwamba aliuza mali yake mwenyewe. Ndoa bado ipo, na mali bado haijagawanywa.

La pili: sheria inatambua njia tatu za kupanga mali katika ndoa. Wanandoa wanaweza kuchagua kila mtu abaki na mali yake. Wanaweza kuchagua mali yote iwe ya pamoja. Au wanaweza kuchagua njia ya katikati: kila mmoja anabaki na kile alichokuwa nacho kabla ya ndoa, pamoja na kile alichopewa zawadi au alichorithi, na kile walichopata kwa jasho lao ndani ya ndoa kinakuwa cha wote wawili. Wasipochagua kitu, sheria inahesabu kwamba wamo katika njia hiyo ya katikati. Ndugu zetu wengi hawakuchagua kitu siku ya kuandikishwa, kwa hiyo hapo ndipo walipo.

La tatu: mwaka 1987 sheria ilimpa mume nafasi ya kusimamia mali, na mke alihitaji idhini ya mumewe kwa mambo mengi. Marekebisho ya 2016 yaliondoa sharti hilo la idhini. Ni kweli sheria bado inamwita mume kichwa cha nyumba, lakini kuwa kichwa cha nyumba si sawa na kuwa mwenye mali yote. Mwanamke anaweza kufika mbele ya tribinali yeye mwenyewe na kueleza ni mbuzi wapi aliwanunua kwa fedha za mawese au za samaki.

La nne: ndoa iliyofungwa kijijini tu inapaswa kuandikishwa kwa mwandishi wa serikali, katika ofisi ya etasivili. Bibi ambaye ndoa yake haikuandikishwa anapata shida kubwa ya kuthibitisha haki yake siku ya ugomvi. Wachungaji wenzetu, tuwasukume washiriki wetu waandikishe ndoa zao. Cheti kile kinalinda watu, na kinalinda hata mbuzi.

Mnyama mbele ya sheria hii ni mali. Hakimu hatauliza mbwa anampenda nani zaidi. Atauliza ni nani aliyempata, lini, na kwa njia gani.

Mbuzi wa mahari

Hapa ndipo vurugu nyingi zinapotokea. Ndoa inavunjika, na wajomba wa mume wanaingia katika zizi la mke wakisema wanachukua mbuzi wao wa mahari.

Tufikiri taratibu. Kwa Sheria ya Familia, mahari ni mali au fedha ambazo mwanamume na jamaa yake wanawapa wazazi wa mwanamke. Hazikutolewa kwa mwanamke mwenyewe, wala kwa nyumba mpya. Mbuzi wale waliingia katika zizi la baba mkwe. Pengine waliliwa siku ile ile, pengine walizaa, pengine walitumika kumwolea kaka yake. Kwa hiyo hata kama jamaa wanadhani wana dai, dai hilo ni kati ya wazee na wazee. Haliingii katika zizi la mama aliyenunua mbuzi wake mmoja mmoja kwa miaka kumi. Mtu anayeingia usiku na kukata kamba za mbuzi hao harudishi mahari, anaiba.

Kanisa liwe na msimamo mmoja hapa. Mshiriki wetu anayedai kitu alete maneno yake mchana, mbele ya mashahidi.

Watoto wa mbuzi, mbuzi wa kufugiwa na mbuzi wa mradi

Tuchukue mfano. Mwanamke alikuja katika ndoa na mbuzi jike mmoja aliyepewa na mama yake. Baada ya miaka sita wamekuwa tisa. Mke anasema wote tisa ni wake kwa sababu wametoka kwa yule mmoja. Mume anasema yeye ndiye aliyejenga zizi, aliyenunua dawa, na aliyelipa jirani mbuzi walipoharibu muhogo.

Ushauri wetu kwa wanaopatanisha ni huu. Yule jike wa kwanza, kama bado yuko hai, ni wa mke bila mjadala. Kwa wale waliozaliwa, tuangalie kazi ya wote wawili. Mwanzo 30 na 31 inatusaidia. Yakobo na Labani waligombana juu ya kundi lililoanza kuwa la Labani, lakini lililoongezeka kwa jasho la Yakobo. Yakobo alimkumbusha Labani miaka 20 ya joto la mchana na baridi ya usiku, na jinsi alivyobeba mwenyewe hasara ya wanyama walioraruliwa. Mwenye mbegu ana haki, na mwenye jasho ana haki. Mpatanishi anayesahau mmoja wao hajapatanisha.

Kuna pia mbuzi mwenye mimba. Mbuzi hubeba mimba karibu miezi mitano, kwa hiyo mgawanyo unaweza kufanyika leo na watoto wakazaliwa baada ya talaka. Iandikwe mapema kwamba watoto wanamfuata mama yao, au kwamba wa kwanza ni wa huyu na wa pili ni wa yule. Kisipoandikwa kitu, ugomvi utazaliwa pamoja nao.

Kisha kuna mbuzi ambao si wa bwana wala wa bibi. Mbuzi wa jirani aliyeletwa afugwe kwa makubaliano ya kugawana watoto ni wa jirani, naye aitwe kikaoni. Mbuzi wa mradi wa kanisa au wa chama cha akina mama bado ana deni: aliyempokea alikubali kupitisha mtoto wa kwanza kwa mwenzake. Deni hilo halivunjiki pamoja na ndoa. Anayebaki na mbuzi anabaki na deni lake.

Nani analipa dawa na chanjo

Sasa tufike kwenye jambo linaloumiza zaidi, kwa sababu hapo mnyama anateseka kwa kosa lisilo lake. Mithali 12:10 inafundisha kwamba mtu mwenye haki huangalia uhai wa mnyama wake. Haisemi aangalie baada ya kesi kwisha.

Magonjwa hayangojei tribinali. Sotoka ya mbuzi na kondoo inaleta homa kali, machozi na kamasi, vidonda mdomoni, kikohozi na kuhara, nayo inaweza kuua sehemu kubwa ya kundi katika siku chache. Kuna chanjo yake, na sindano moja inamlinda mnyama kwa miaka mitatu au zaidi. Kideri, ambacho waganga wa mifugo wanakiita ugonjwa wa Newcastle, kinaweza kumaliza karibu kuku wote wa kijiji, na chanjo yake ya matone machoni inarudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Nguruwe wana homa ya nguruwe ya Afrika, na huyo hana dawa ya kumponya: tunachoweza ni kufunga zizi, kuzuia wageni na mabaki ya nyama, na kutohamisha nguruwe ovyo. Mume na mke wanapoacha kundi bila chanjo kwa sababu ya kushindana, wanahatarisha pia kundi la jirani ambaye hajagombana na mtu.

Basi nani alipe? Tunapendekeza kanuni tatu.

Kwanza, kabla mali haijagawanywa, gharama ni ya wote wawili. Kama mbuzi ni wa pamoja, chanjo na dawa ya minyoo ni ya pamoja. Asiye na fedha anaweza kukubali kwamba kuku wawili wa pamoja wauzwe ili walipe sindano za mbuzi wote. Hilo lifanywe mbele ya shahidi na liandikwe.

Pili, anayekaa na mnyama kwa muda anatunza kama mtu aliyewekewa amana. Kutoka 22:10-13 ina mafundisho ya ajabu juu ya jambo hili. Mtu akimwekea mwenzake mnyama, na mnyama akafa au akaumia bila mtu kuona, mtunzaji anaapa mbele za Bwana kwamba hakunyoosha mkono wake, na neno linaisha. Akiibwa kwake, analipa. Akiraruliwa na mnyama wa porini, analeta mabaki kama ushahidi, wala halipi. Sheria hii ya kale inamlinda mwenye mnyama, na inamlinda pia mtunzaji mwaminifu. Bibi aliyebaki na mbuzi wakati kesi inaendelea asilazimishwe kulipa mbuzi aliyekufa kwa ugonjwa, kama aliita watu wakaona. Lakini bwana aliyemchinja mbuzi kwa ajili ya wageni wake asiseme kwamba mbuzi alikufa.

Tatu, baada ya mgawanyo, kila mtu analipia wake. Anayekunywa maziwa au kula mayai ndiye anayenunua dawa. Hawezi mtu kuchukua kundi na kumtumia mwenzake bili ya veterineri. Kitu kimoja tu kinabaki: deni la dawa lililochukuliwa wakati wote wawili walikuwa pamoja ni deni la wote wawili, nalo linalipwa kabla ya kugawana. Si haki muuza dawa apoteze fedha zake kwa sababu wateja wake wameachana.

Ili haya yawezekane, tunza daftari. Andika siku mnyama alipopatikana, alinunuliwa na nani, alizaa lini, alichanjwa lini, ililipwa franka ngapi na nani aliyelipa. Karatasi ya chanjo yenye jina la mwenye mnyama iwekwe pamoja na kadi za watoto. Karatasi hiyo peke yake haimalizi neno, kwa sababu aliyempeleka mnyama kwenye sindano si lazima awe mwenye mnyama. Lakini mbele ya wazee au mbele ya hakimu, daftari linasema vizuri kuliko sauti kubwa.

Mbwa asiye na mwenyewe

Juu ya mbwa tunataka kusema kwa mkazo, kwa sababu hapa maisha ya watu yako hatarini.

Mbuzi kila mtu anamtaka. Mbwa, mara nyingi, kila mtu anamwacha. Bibi anarudi kwa wazazi wake, bwana anaondoka kwenda machimboni, na mbwa anabaki akizunguka kijijini. Hakuna anayemlisha, hakuna anayemfunga, hakuna anayempeleka kwenye chanjo. Kichaa cha mbwa kinapita njia hiyo. Shirika la Afya Ulimwenguni linaeleza kwamba karibu visa vyote vya kichaa kwa binadamu, hadi 99 kwa 100, vinatoka kwa mbwa, na kwamba ugonjwa huu unaua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka. Karibu 40 kati ya 100 wanaoumwa na wanyama wenye kichaa ni watoto chini ya miaka 15. Dalili zikianza, karibu hakuna anayepona.

Kwa hiyo mtu akiumwa, kidonda kioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha apelekwe haraka kwenye kituo cha afya kuuliza chanjo. Mbwa naye, kama anaweza kufungwa bila hatari, afungwe na kuangaliwa kwa siku 10. Akibaki mzima siku hizo zote, hakuwa na kichaa cha kuambukiza siku alipouma. Lakini chanjo ya mtu isingojee siku hizo kwisha. Na tujiulize: kama mbwa hana mwenyewe, ni nani atakayemfunga na kumwangalia siku 10?

Sheria nayo haimsahau mwenye mbwa. Kifungu cha 261 cha Kitabu cha Tatu cha Sheria za Madai, tulichorithi tangu mwaka 1888, kinasema kwamba mwenye mnyama, au yule anayemtumia, anawajibika kwa madhara ya mnyama huyo, awe chini ya ulinzi wake au awe amepotea au ametoroka. Musa alifundisha vivyo hivyo katika Kutoka 21:28-36: mwenye ng'ombe aliyeonywa kwamba ng'ombe wake hupiga pembe, asipomfunga, anabeba hatia. Mume na mke wanaoachana wasifikiri kwamba kumwacha mbwa njiani kunawaondolea mzigo. Kikao kisimalizike bila jina moja kuandikwa mbele ya mbwa, na jina hilo lichukue pia chanjo yake ya kila mwaka.

Kama kuna mtoto aliyemlea mbwa huyo, sisi tunaona ni vema mbwa alale pale mtoto anapolala, ikiwezekana. Mtoto amekwisha kupoteza mengi katika ugomvi ambao hakuuanzisha. Kama mbwa ni wa uwindaji na ndiye anayeleta nyama ya watoto, hilo nalo lifikiriwe.

Nchi nyingine wanafanyaje

Msidhani ni sisi tu tunaokaa vikao kwa ajili ya wanyama. Jimbo la Alaska huko Marekani lilianza mwaka 2017 kuwaruhusu mahakimu wa talaka kuangalia hali njema ya mnyama wa nyumbani, na California ikafuata mwaka 2019. Hispania ilipitisha sheria namba 17 ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika Januari 2022: hakimu wa talaka anaweza kuamua mnyama akae na nani na gharama zake zigawanyweje. Ufaransa, mwaka 2015, iliandika katika sheria zake kwamba mnyama ni kiumbe hai chenye hisia.

Hatuna haja ya kuiga kila kitu. Wengi wetu tungeshangaa kuona wakili akilipwa fedha nyingi kwa ajili ya paka. Lakini swali wanaloliuliza ni zuri: mnyama huyu atatunzwa vizuri zaidi na nani? Mwanzo, Yona na Mithali zilikwisha kuliuliza. Mwishoni mwa kitabu cha Yona, Mungu anaeleza huruma yake juu ya Ninawi, na anataja hata wanyama wake wengi.

Wazee wa kanisa wafanye nini

Tunashauri wazee na wachungaji wafuate hatua hizi.

Wakutanisheni wawili hao mapema, pamoja na shahidi mmoja wa kila jamaa, mchana. Mtume Paulo, katika 1 Wakorintho 6, aliwauliza Wakorintho kama hakuna hata mtu mmoja mwenye hekima kati yao wa kuamua neno la ndugu na ndugu. Lakini kikao cha kanisa kisichukue nafasi ya tribinali kwa mambo ambayo ni ya tribinali, na mwanamke aliyepigwa asilazimishwe kukaa uso kwa uso na aliyempiga.

Hesabuni wanyama wote siku ile ile, mmoja mmoja, rangi na alama, na mwandike. Agizeni kwamba hakuna atakayeuza, kuchinja wala kuvusha mto mnyama yeyote mpaka mgawanyo ukamilike.

Muiteni mganga wa mifugo au ofisi ya uvuvi na ufugaji ya teritwari, kama inafikika. Wanyama wagonjwa watibiwe kwanza. Mkigawana mnyama mgonjwa, mmoja wenu anapata mzoga.

Tenganisheni makundi manne: wa mke, wa mume, wa wote wawili, na wa watu wengine. Lipeni madeni ya dawa. Kisha gawanyeni wale wa pamoja kwa thamani, si kwa hesabu ya vichwa tu, kwa sababu jike mwenye mimba na dume mzee si sawa.

Mwishoni, soma maandishi kwa sauti, kwa Kiswahili ambacho wote wanakielewa, na kila mtu atie sahihi au alama ya kidole. Nakala moja ibaki kwa kila upande na moja kwa kanisa. Kesi ikifika kwa hakimu, karatasi hiyo itamsaidia.

Neno la mwisho

Kutoka 23 inamwagiza mtu akimkuta ng'ombe au punda wa adui yake amepotea amrudishe, na akimwona punda wa anayemchukia amelala chini ya mzigo amsaidie. Tuliyekula naye sahani moja hawezi kupewa chini ya yale ambayo Torati inampa adui. Mbuzi wa bibi yako wa zamani akiingia shambani mwako, mrudishe. Ukisikia sotoka imefika kijijini kwao, mpelekee habari kabla haijachelewa. Ukimwona mbwa wa bwana yako wa zamani anatoka povu mdomoni, usinyamaze kwa hasira: waite watu, watoto waondolewe njiani.

Wale ambao ndoa zao zimesimama, kaeni leo jioni mwandike daftari la wanyama wenu mkiwa bado mnapendana. Itawasaidia siku ya chanjo, siku ya kuuza, na siku ya kifo cha mmoja wenu, jamaa watakapofika na maneno mengi. Mungu aliyetupa kutawala viumbe vyake atatuuliza tulivyowatunza, na atatuuliza pia tulivyotendeana tulipokuwa tunawagawana.

Neema ya Bwana wetu Yesu Kristo iwe nanyi nyote. Amina.